Watoto Niliowaingiza Maabara

Nilizaliwa milimani, juu ya Wundanyi, na mara ya kwanza kutazama ndani ya hadubini nilikuwa tayari mwanafunzi wa chuo. Shuleni kwetu ilikuwepo moja. Ilikaa kwenye kabati la mwalimu mkuu, imefunikwa kitambaa, na hatukuruhusiwa kuigusa kwa sababu ikiharibika hakungekuwa na nyingine. Tuliichora tu. Nilipata alama zote za mchoro ule bila kujua mtu akitazama ndani yake anaona nini.

Kwa hiyo nilipoombwa kuwashughulikia vijana sikukataa. Wakati huo nilikuwa mtaalamu wa maabara katika mradi wa utafiti wa homa, na ofisi yetu ilikuwa nje kidogo ya mji wa Voi. Tulipima damu za watu waliofika zahanati wakiwa na homa ambayo si malaria, ili ijulikane hasa ni nini kinachowaumiza. Mkubwa wetu alisema si vizuri mradi uje, uwatoboe watu sindano, halafu uondoke. Akataka tuchukue wanafunzi wa shule za kutwa, zile zisizo na maabara, tuwaonyeshe kazi za afya na za utafiti zilivyo. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mradi uliwalipia nauli, wakaja.

Walikuja kutoka Mahoo, kule Taveta, kutoka Ndara ambako wazazi wao huchunga ng'ombe wa ranchi, na kutoka vijiji vya chini ya mlima Kasigau. Siku ya kwanza niliwauliza wanitajie watu wanaofanya kazi hospitalini. Wakasema daktari. Wakasema nesi. Wakaishiwa hapo, mpaka kijana mmoja akasema askari wa geti. Tulicheka, lakini hakuwa amekosea. Hao ndio watu aliowahi kuwaona.

Basi tukaanza hapo. Niliwapeleka kumwona mama anayewafundisha waliopooza kutembea tena. Niliwapeleka kwa mfamasia. Niliwakutanisha na mfanyakazi wetu aliyezunguka nyumba hadi nyumba akiuliza watu maswali kuhusu homa zao, na mwingine aliyesomea mbu, mbu tu, mpaka akapewa digrii. Hilo liliwashangaza kuliko yote. Walitaka kujua kama wazazi wake walikubali.

Yule aliyetaja askari wa geti alikuwa mrefu kuliko wenzake wote, kijana wa Kiislamu kutoka Mahoo, ambako kwao walilima ndizi. Tulipomtoa mwenzetu damu mbele yao, alianguka chini kama gunia. Alipopata fahamu na kupewa soda, aliomba tumtoe mtu mwingine damu ili azoee. Nilimpenda siku hiyohiyo.

Lakini ninayetaka kumsimulia ni msichana wa Kasigau.

Alikuwa kidato cha tatu. Kwao ni kijiji kilicho mbele ya Rukanga ukitokea Voi, chini kabisa ya mlima, mahali ambapo watu hulima pojo na kunde na mtama, na huvuna kile ambacho ndovu wamekibakisha. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini. Hakuuliza maswali mengi. Aliuliza moja, kisha akalipima jibu, na kama hakuridhika alilirudia swali vilevile, neno kwa neno.

Zamu yake kwenye hadubini ilipofika alitazama kwa muda mrefu mpaka wenzake wakaanza kunung'unika. Nilikuwa nimeweka slaidi ya damu yenye vimelea vya malaria. Aliinua kichwa akaniuliza, "Madam, huyu mtu mwenye hii damu yuko wapi sasa?" Nikamwambia ni mtoto wa Taveta, alipewa dawa akapona. Akasema, "Sawa," akarudi kutazama. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ile hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, wala mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kujiuliza.

Siku hiyo alipokuwa akiondoka aliniuliza mtu akitaka udaktari asome nini. Nilipotaja kemia alitikisa kichwa. Mwalimu wao wa kemia alihamishwa mwaka uliopita na hakuletwa mwingine. Walikuwa wakijifundisha wenyewe, mmoja anasoma kitabu kwa sauti, wengine wanasikiliza. Nilianza kumwandalia masomo ya kemia baada ya kila kikao, nikamtafutia vitabu. Alikuwa mwepesi wa kushika. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa anawafundisha wenzake darasani kwao, na mwalimu mkuu wake alinipigia simu kunishukuru. Naukumbuka mwaka ule kama wakati ambao kazi yangu ilikuwa na maana niliyoweza kuiona kwa macho.

Jumamosi moja mwanzoni mwa mwaka uliofuata nilimwalika tabibu mmoja ninayemfahamu aje kuzungumza nao kuhusu nyoka. Wote walitoka sehemu zenye nyoka, na karibu kila mmoja alimjua mtu aliyeumwa. Tabibu yule alifundisha vizuri. Aliwaambia wasikate kidonda kwa wembe, wasifunge kamba ya kubana damu, wasiweke lile jiwe jeusi ambalo watu husema hunyonya sumu, na wasipoteze muda kwa waganga. Mtu atulizwe, mguu ufungwe kwenye kibao usichezecheze, apelekwe hospitali haraka, maana dawa ipo. Walifanya mazoezi wao kwa wao kwa leso na vipande vya mbao. Msichana wa Kasigau alirudia kufunga mara kadhaa mpaka tabibu akasema sasa inatosha, umefuzu. Alirudi nyumbani akawafundisha wa kwao.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Familia yao ilikuwa shambani ikikusanya mabua ya pojo. Ndugu yake mdogo, kitindamimba wao, aliyekuwa darasa la pili, aliingiza mguu kwenye lundo la mabua, na bafe, nyoka mnene wa sumu kali aliyekuwa amelala humo, akamuuma juu kidogo ya kifundo. Haya niliyasikia baadaye, mengine kwa mama yao, mengine kwake mwenyewe.

Watu walikimbia. Jirani mmoja alifika na jiwe jeusi mkononi. Mwingine akasema mtoto abebwe mara moja apelekwe kwa mzee wa kijiji cha pili, anayejulikana kwa kuwatibu walioumwa na nyoka kwa kuwachanja wembe, kwani si alimponya mtu wa nyumba ya karibu na kanisa. Mtoto alikuwa analia, mama analia, na baba alisimama tu akiwa ameshika jembe. Msichana akasema hapana. Alisimama mbele ya ndugu yake akawazuia watu wazima, yeye aliyelelewa kuongea na wakubwa akiangalia chini. Akasema jiwe halifanyi kitu na wembe utamuua, akataka kibao na leso. Baba yake aliniambia kwamba alipomwona vile hakuona mtoto wake, aliona daktari. Akawaambia watu wampishe.

Walimfunga mguu na kumpeleka kwa pikipiki hadi zahanati ya karibu, mama amempakata mtoto kifuani. Msichana alifuata nyuma kwa pikipiki nyingine. Hapo ndipo aliponipigia.

"Madam, ndugu yangu ameumwa na nyoka," alisema. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Nimefanya vile tulifundishwa. Tuko zahanati. Wanasema dawa hakuna, na gari la wagonjwa limepeleka mtu Mombasa."

Nilimwambia asiruhusu mguu ufunguliwe. Nikaanza kupiga simu. Mfanyabiashara mmoja wa mbuzi aliyekuwa huko na pikapu yake alikubali kuwaleta Voi, Mungu ambariki, akawashusha mbuzi wake palepale barabarani na kumwachia mtu awachunge. Nami nilitangulia hospitalini kuwangoja.

Walifika mchana. Mtoto alikuwa amelazwa juu ya magunia, macho wazi, mguu umevimba hadi kwenye paja na ngozi imeanza kutoka malengelenge. Bado alikuwa na akili zake. Aliniuliza kama ni mimi Madam wa dada yake. Daktari kijana aliyekuwa zamu alimpokea vizuri, akautazama ule mguu akauliza ni nani aliyeufunga, maana ulifungwa kama inavyotakiwa. Mama alimwonyesha msichana kwa kidole.

Kisha daktari akaenda duka la dawa la hospitali, akarudi mikono mitupu. Nilijua kwa mwendo wake kabla hajafungua mdomo. Dawa ya sumu ya nyoka ilikuwa imeisha, iliagizwa lakini haijafika. Alinivuta kando akaniambia tujaribu kwingine. Nilijaribu. Nilipiga kila mahali nilipokuwa na mtu, Mwatate, Taveta, Wundanyi, nikazunguka maduka yote ya dawa mjini kwa miguu. Kilichopatikana kilipatikana Mombasa, kwa mtu niliyesoma naye, na kingeletwa na basi la asubuhi.

Usiku huo sitausimulia. Basi lilifika, nikalichukua boksi la dawa kwenye ofisi ya vifurushi, likiwa limezungushiwa barafu ndani ya gazeti, nikapanda bodaboda. Nilipoingia wodini mtoto alikuwa amefunikwa hadi usoni. Msichana alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, akitazama miguu ya kitanda. Aliniona na lile boksi mkononi. Sikujua pa kuliweka.

Nilienda mazishini. Nilipanda gari la asubuhi kutoka Voi nikifikiri njia nzima nitawaambia nini wale wazazi. Mchungaji alihubiri kuhusu mapenzi ya Mungu. Wanawake walipika, wanaume walichimba. Lakini palikuwa na maneno yaliyopita chinichini. Niliyasikia hata mimi mgeni, nikiwa foleni ya chakula. Walisema yule wa nyumba ya karibu na kanisa alipelekwa kwa mzee na leo yuko hai, anatembea. Walisema huyu angepelekwa huko leo tusingekuwa hapa. Kisha sauti ikashuka zaidi, ya mama mmoja mwenye sahani mkononi: "Ni huyo dada yake aliyekataza."

Nilitaka kugeuka nimweleze. Ningemwambia kwamba nyoka mara nyingine huuma bila kutoa sumu, na huenda yule jirani alipona kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya mzee. Ningeanzia wapi, kaburi likiwa halijasawazishwa bado? Isitoshe, yeye alikuwa na mtu aliye hai wa kumwonyesha. Mimi nilikuwa na maelezo.

Baba wa marehemu alinisindikiza hadi barabarani. Alikuwa mkulima mpole, mwenye mikono mikubwa, na aliniita Daktari tangu tulipokutana, ingawa nilimweleza zaidi ya mara moja kwamba mimi ni mtu wa maabara. Tulipoona gari linakuja alisema, bila hasira yoyote, "Daktari, mtoto wangu mlimfundisha kila kitu. Hamkumfundisha kwamba dawa haipo."

Nilimshika mkono nikapanda gari.

Jumamosi ya kikao iliyofuata msichana hakuja, wala ile ya mwezi wa baadaye. Ndipo nilipomfuata shuleni. Mwalimu mkuu alituruhusu tukae kwenye benchi nyuma ya ofisi. Alikuwa amekonda zaidi. Nilimuuliza habari za masomo, akasema ni nzuri. Nikamuuliza habari za mama, akasema yuko. Nikamwambia nafasi yake kwetu bado ipo na wenzake wanamuulizia. Aliniacha nikamaliza yote.

"Madam," alisema, "yule tabibu alijua dawa huisha?"

Nilimwambia ndiyo. Kila mtu anayefanya kazi hospitalini anajua.

"Basi angetuambia. Ningewaacha wampeleke kwa mzee. Angekufa vilevile, lakini watu wasingesema ni mimi."

Nilimweleza kwamba alifanya lililo sahihi, na kwamba kosa halikuwa lake hata kidogo. Nikamwambia dawa ile ni ngumu kutengeneza, kwamba kuna watu duniani wanaotafiti namna ya kuitengeneza kwa urahisi ili ifike hadi vijijini, na kwamba kazi hiyo inamhitaji mtu kama yeye kuliko inavyonihitaji mimi. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Nilijisikia nikiyasema, na yalikuwa kama maneno yaliyoandikwa ukutani kwenye chumba cha kungojea. Alikuwa anatazama wenzake wakicheza mpira wa wavu. Kengele ilipolia alisimama, akasema, "Asante kwa kuja, Madam," akaingia darasani.

Miezi michache baadaye mradi wetu ulifungwa. Fedha zilitoka ng'ambo, na huko ng'ambo watu tusiowajua waliamua zisije tena. Tulipata habari asubuhi tukiwa tumeshavaa makoti meupe. Wiki haikuisha kabla majokofu hayajazimwa na sampuli za damu hazijapelekwa kuchomwa, damu za watu waliokubali kutobolewa kwa sababu tuliwaahidi kuwaletea majibu. Hadubini zilifungwa kwenye makasha zikaondoka na lori. Hatukumaliza kujua ni homa gani iliyokuwa ikiwasumbua watu wetu. Mfanyakazi wetu wa nyumba hadi nyumba alikataa kurudi vijijini kuaga. Alisema atawaambia nini?

Vijana niliwatumia ujumbe kwamba vikao vimekwisha. Hata hivyo Jumamosi ilipofika walitokea watatu, nauli wamejilipia. Mlango ulikuwa umefungwa na funguo si zetu tena. Tulikaa nje kwenye kivuli cha jengo, tukaongea habari za mitihani, nikawanunulia maandazi. Yule mrefu wa Mahoo aliniuliza kama mradi mwingine utakuja. Nikasema sijui. Hapo awali ningesema utakuja.

Yeye alifaulu, akaingia chuo kusomea maabara. Hunipigia simu mara kwa mara, na mwanzoni zilikuwa simu za furaha, leo tumefanya hiki, kesho tutafanya kile. Sasa yuko mwaka wa mwisho na simu zimebadilika. Waliomtangulia kumaliza chuo wako nyumbani bila kazi. Mmoja aliyekuwa wa kwanza darasani anauza vocha za simu na viazi vya kukaanga Taveta, na vyeti vyake viko chini ya godoro. Mara ya mwisho yule wa Mahoo aliniuliza, "Madam, niendelee?" Baba yake anataka arudi wauze ndizi mpakani pamoja, na hilo angalau ni jambo linalojulikana. Nilimwambia aendelee. Akaniuliza mimi mwenyewe sasa nafanya kazi wapi. Nilimwambia ukweli, kwamba nipo kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la dawa hapa Voi, napima malaria na mkojo, siku nyingine wagonjwa wanakuja, siku nyingine hawaji.

Na msichana wa Kasigau alifanya mtihani. Alipata alama ambazo hakuna aliyewahi kuzipata katika shule yao, hata kemia, bila mwalimu. Mwalimu mkuu alinipigia, akasema angeweza kuitwa kusomea udaktari kabisa. Lakini wakati wa kuchagua kozi hakuchagua udaktari, wala uuguzi, wala chochote. Wazazi hawakumlazimisha. Mama yake aliniambia kwamba nyumbani mtu akianza kuzungumza habari za ugonjwa, msichana huinuka na kutoka nje, na kijijini mtoto akiumwa, hakuna anayemwita.

Nilikutana naye mwaka huu, karibu na soko la Voi. Anafanya kazi kwenye hoteli moja ya watalii upande wa Ndara, idara ya kufua, mashuka na taulo. Alikuwa amevaa sare yao na ametumwa kununua sabuni. Tulisimama kando ya barabara, akaniuliza habari za kazi na za afya yangu kwa adabu ileile. Amenenepa kidogo. Alikuwa na saa mpya mkononi.

Sikutaka kulitaja lile jambo, lakini nilijua nisipolitaja leo sitalitaja tena. Nikamwambia alama zake bado ni zake, haziozi, na vyuo bado vinapokea watu. Nikamwambia ningemsaidia kuomba.

Aliweka chini mfuko wa sabuni akanitazama. "Madam," alisema taratibu, "siku hizi nalala. Kwa muda mrefu nilikuwa silali. Niache nilale."

Nikamwambia sawa. Akauchukua mfuko wake, akanisalimia tena kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana, akavuka barabara kwenda lilipokuwa gari la hoteli.

Juzi mwalimu wa shule moja ya kutwa, upande wa Mwatate, alinitumia ujumbe. Kidato chao cha tatu kina watoto wengi wanaopenda sayansi na hakuna mtu wa kuwaambia sayansi inaelekea wapi. Ameomba niende siku moja, niwaeleze kazi za hospitali na za utafiti, niwape moyo. Nimeusoma ujumbe ule mara nyingi nikiwa nangoja wagonjwa. Najua cha kuwaambia kuhusu mfamasia, na kuhusu yule wa mbu. Baada ya hapo sijui nitasema nini, na bado sijamjibu.